Dar inalowa, Dodoma inakauka: kufundisha hali ya hewa na tabianchi ya kwetu kwa kutumia mtandao

Swali lilitoka kwa mwanafunzi wa kidato cha pili, Dar es Salaam, asubuhi moja ya mwezi wa tano ambayo nusu ya darasa walifika wameshika viatu mkononi. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba mvua za Afrika Mashariki hufuata jua: jua likiwa utosini ardhi inapata joto, hewa inapanda, inapoa, mawingu yanajijenga, mvua inanyesha. Akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Dar na Dodoma kwenye ramani zimekaa karibu mstari mmoja. Jua linazipita utosini siku zinazokaribiana. Mbona shangazi yangu kule anajiandaa kuvuna mtama, anga jeupe, na sisi hapa bado tunaruka madimbwi?"

Dodoma iko nyuzi 6.2 kusini mwa ikweta, Dar es Salaam nyuzi 6.8. Kwa maelezo yangu ya ubaoni, miji hii ingekuwa na kalenda moja ya mvua. Haina. Dar ina vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Dodoma inapata kile ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inakiita mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, kisha miezi ya ukavu mpaka nyasi zinageuka rangi ya kaki. Nilimwomba mwanafunzi anipe muda. Jibu lilituchukua vipindi vitatu, na tulilipata kwa kuweka ramani za upepo, picha za setelaiti na takwimu za mvua, vyote vya bure mtandaoni, mbele ya swali lile lile moja. Ninaandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu, na kwa mzazi anayekaa na mtoto jioni, kwa sababu vifaa hivi ni vingi na vinamchanganya sana mtu asiyejua kila kimoja kinajibu swali gani.

Maneno yenyewe yanahitaji kunyooshwa kwanza. Kwa miaka mingi tumesema "hali ya hewa" kwa mambo mawili, na watoto wanaingia darasani na mkanganyiko huo. Hali ya hewa ni ya leo, ya kesho, ya wiki hii: kuna joto, kuna upepo, mvua imekatika saa nane. Tabianchi ni tabia ya mahali, kama neno linavyosema lenyewe, na tabia ya mtu huijui kwa kuonana naye mara moja. Wanasayansi wa dunia wamekubaliana kuipima kwa miaka 30, na miaka inayotumika sasa kama kipimo ni kuanzia 1991 hadi 2020. Mtu mpole anaweza kuwaka siku moja akabaki mpole. Mvua kubwa ya Julai katikati ya Dar haibadilishi tabia ya Julai ya Dar. Ikirudi miaka kumi mfululizo, hapo tuna la kuongea.

Tatizo ni kwamba kwenye skrini vyote vinafanana. Doa la bluu juu ya Morogoro linaweza kuwa mvua iliyopimwa na kifaa kituoni. Linaweza kuwa makadirio ya setelaiti, ambayo haikuiona mvua yenyewe bali ilipima ubaridi wa vilele vya mawingu na kukisia. Linaweza kuwa utabiri, yaani hesabu ya kompyuta kuhusu kesho. Au ni wastani wa miaka 30, ambao haujawahi kunyesha siku yoyote. Nimewahi kusahihisha daftari ambalo mwanafunzi alichukua ramani ya utabiri kutoka Windy, tovuti ya utabiri wa hali ya hewa, akaandika chini yake "mvua iliyonyesha". Sikumkata alama, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Tangu siku hiyo, kabla hatujafungua tovuti yoyote, darasa zima linajibu kwanza: nani alipima, na alipima nini? Ukiniuliza jambo moja tu la kuchukua kwenye makala haya, chukua swali hilo.

Sasa kitendawili chetu. Kuna tovuti inaitwa earth.nullschool.net, iliyoundwa na Cameron Beccario na kuanza kuonekana mwaka 2013. Inachora upepo wa dunia nzima kama nyuzi nyembamba zinazotiririka juu ya tufe. Nyuzi hizo ni za modeli ya kompyuta, hazikupimwa kila zinapopita, na wanafunzi lazima waambiwe hivyo. Lakini kwa kuonyesha mwenendo wa pepo kubwa sijaona kifaa kizuri zaidi. Weka tarehe yoyote ya Januari: nyuzi zinatoka upande wa Bara Hindi na Arabuni, zinateremka kandokando ya Somalia, zinapita Mombasa, Tanga, Unguja. Hiyo ni kaskazi. Rudisha tarehe hadi Julai uone mto mzima umegeuka: nyuzi zinatoka kusini-mashariki, zinapinda kwenye ikweta, zinakimbia kuelekea Arabuni. Hiyo ni kusi. Mtoto wa pwani ambaye babu yake amemsimulia majahazi ya Omani na Ghuba, yaliyokuja na kaskazi yakasubiri pepo zigeuke ndipo yarudi na kusi, anaiona njia yenyewe kwa macho. Huwa nanyamaza kabisa dakika ile. Wanaelezana wenyewe.

Rudi Januari, kisha usogeze ramani kuelekea bara. Ukanda mvua, pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana na hewa kulazimika kupanda, uko mbali kusini wakati huo, maeneo ya Zambia, Malawi na kaskazini mwa Msumbiji. Na kutoka magharibi inaingia hewa yenye unyevu ya msitu wa Kongo. Magharibi, kusini na katikati ya Tanzania wako ndani ya makutano hayo, ndiyo maana mashamba ya Dodoma yana maji Desemba mpaka Machi. Pwani ya kaskazini mwezi huo huo kaskazi inapita karibu sambamba na ufuko, haikutani na kitu, na mvua inapungua kati ya vuli na masika. Ukifika Aprili, ukanda unarudi kaskazini, kaskazi inakufa, upepo unaanza kuingia kutoka baharini ukiwa umebeba maji mengi, na Dar inalowa. Dodoma haipati mgao huo. Hewa ya Kongo imeshaondoka, na kati yake na bahari imesimama milima: Uluguru, Ukaguru, Rubeho. Upepo wa baharini unapanda milima hiyo, unamwaga maji upande wa Morogoro, unateremkia Dodoma ukiwa mkavu.

Kwa hiyo maelezo yangu ya ubaoni yalikuwa kweli lakini yalikuwa nusu. Jua linasogeza ukanda mvua, ila mvua ya mahali inategemea pia upepo unatoka wapi na umevuka nini njiani. Baada ya hapo nawapa wanafunzi wastani wa mvua wa kila mwezi wa miji yote miwili, unaopatikana kwenye tovuti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani inayoweka takwimu rasmi za miji, wachore grafu za nguzo kwenye karatasi ya miraba, bega kwa bega. Aprili ya Dar inasimama juu ya milimita 200. Juni hadi Septemba ya Dodoma kalamu haina pa kuanzia. Grafu iliyochorwa kwa mkono inakaa kichwani kuliko ile ambayo kompyuta imeichora kwa sekunde moja, na siioni sababu ya kuacha rula na penseli kwa kuwa tumepata intaneti.

Kwa mwalimu wa Mwanza, Musoma, Bukoba au Kisumu, nisingeanza na upepo wa bahari. Ningeanza na ziwa lililo mlangoni. Fungua Worldview ya NASA, tovuti inayoweka picha za dunia za kila siku kuanzia mwaka 2000. Tafuta Ziwa Victoria, chagua siku ya mwezi wa mvua, kisha linganisha picha ya setelaiti ya Terra, inayopita asubuhi, na ile ya Aqua, inayopita baada ya adhuhuri. Si kila siku, lakini ukichambua wiki mbili tatu utaipata picha ninayoisema: alasiri, ziwa limekaa jeusi, safi, halina wingu, na kulizunguka pande zote kuna mawingu meupe kama mkufu. Asubuhi mara nyingi ni kinyume, mabaki ya mawingu mazito yamekaa juu ya maji.

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, upepo wa ziwa unaingia ufukweni kuziba nafasi, mawingu yanajengeka nje ya ziwa. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu, upepo unageuka na kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa. Ziwa hili lina karibu kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo pepo za kutoka Kenya, Uganda na Tanzania zinakutana juu ya maji gizani na kusukumana kwenda juu. Ngurumo kubwa za ziwa ni za usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Darasani Mwanza kuna watoto ambao baba au kaka yao yuko kwenye mitumbwi hiyo. Somo la upepo wa nchi kavu na upepo wa ziwa limo kwenye mtaala tangu zamani, kwa mchoro wa mishale miwili. Mtoto aliyeuona mkufu wa mawingu kwenye picha halisi ya juzi, akajua kwamba mishale ile ndiyo inayoamua kama kaka yake atoke usiku au asitoke, ataisikiliza taarifa ya TMA kwa masikio mengine.

El Niño inahitaji uangalifu, kwa sababu jina hilo limeshakuwa neno la mtaani kwa mvua yoyote kubwa. Mvua za 1997 na 1998 ndizo zilizolitia kwenye vinywa vya watu. El Niño yenyewe ni kupanda kwa joto la maji katikati na mashariki mwa Bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi, na kwetu inagusa zaidi vuli kuliko masika. Lakini tuna bahari yetu. Bahari ya Hindi ina mzani wake: kuna miaka upande wa magharibi, wa kwetu, unakuwa na joto kuliko kawaida na upande wa Sumatra unapoa. Wanasayansi waliupa mzani huo jina mwaka 1999, wakauita dipoli ya Bahari ya Hindi. Ukiinamia kwetu, vuli huwa nzito.

Taasisi ya hali ya hewa ya Australia inatoa kipimo cha mzani huo, na ile ya Marekani inatoa kipimo cha El Niño. Wape wanafunzi vipimo vyote viwili waviweke kwenye jedwali pamoja na habari za mvua za kwetu. Mwaka 1997 vyote viwili viko juu, na mafuriko yakawa ya kukumbukwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kabisa zilizowahi kupimwa, watu wakajiandaa kwa 1997 nyingine, na mvua hazikufika huko. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya maana, ila mzani wa Bahari ya Hindi ulielemea kwetu kwa nguvu, na vuli ikaleta mafuriko na maporomoko Kenya na Tanzania. Mwaka 2023 vikarudi vyote viwili, na Desemba 3 tope likashuka Hanang, mkoani Manyara, likaua watu. Mwanafunzi aliyejaza jedwali hili kwa mkono wake hawezi tena kusema "mvua kubwa ni El Niño" akaishia hapo. Anajua kuuliza bahari ipi.

Nije kwenye sentensi ambayo kila Mtanzania ameisikia redioni: "mvua zinatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani." Nimesikia watu wazima, wenye mashamba, wakiilalamikia kwamba haisemi kitu. Inasema, ila hatujafundishwa kuisikia. Kwenye ramani za ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichopo Kenya, msimu unagawanywa katika mafungu matatu. Darasani nafanya hivi: nakata karatasi 30, kila moja nimeiandika jumla ya mvua ya masika ya mwaka mmoja. Wanafunzi wanazipanga chini sakafuni kutoka ndogo hadi kubwa. Kumi za mwanzo ni chini ya wastani, kumi za katikati ni wastani, kumi za mwisho ni juu ya wastani. Kisha tunazitia kwenye ndoo. Ukichota bila kuangalia, kila fungu lina nafasi sawa, moja kwa tatu. Hiyo ndiyo hali ya mtu asiyekuwa na utabiri.

Halafu natoa ndooni karatasi tano za ukavu na kuongeza tano za mvua nyingi. "Huu ndio utabiri wa mwaka huu," nawaambia. "Choteni." Karatasi ya ukavu bado inaweza kutoka, na mara moja ilitoka ya kwanza kabisa. Darasa likapiga kelele kwamba utabiri umekosea. Tukachota mara ishirini, kila karatasi ikirudishwa ndooni, tukaandika ubaoni, na wakaona wenyewe ndoo ilikuwa imeelemea wapi. Mkulima anayeielewa ndoo hii hatapanda mbegu ya aina moja shamba zima kwa kuwa redio imesema juu ya wastani. Ataelemea, kama ndoo, lakini ataacha kipande cha mtama.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, umeme unakatika, bando linaisha katikati ya kipindi. Sijawahi kufundisha hata somo moja kati ya haya kwa kutegemea intaneti ya darasani. Picha napakua usiku, bando likiwa na bei nafuu, na ramani mbili zilizochapishwa kwa rangi zinazunguka madawati yote. Projekta ikipatikana ni neema.

Kuna mtego mmoja mdogo unaopoteza muda mwingi: saa. Picha za setelaiti na ramani za utabiri nyingi zimeandikwa saa za dunia, UTC, sisi tuko saa tatu mbele. Lakini saa ya Kiswahili inatupa njia ya mkato. Chukua saa ya UTC, toa tatu, umepata saa yetu: 06 ni saa tatu asubuhi, 09 ni saa sita mchana, 12 ni saa tisa alasiri. Jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili nyingine: 18 inakuwa kumi na tano, yaani saa tatu usiku. UTC ikiwa 03 au chini yake, ongeza kumi na mbili kwanza. Wanafunzi wanaipenda kanuni hii, na inawaepusha kudhani wingu la alasiri ni la mchana mchanga.

Saa tatu asubuhi ndiyo saa ambayo vituo vya hali ya hewa vya ukanda wetu husoma mvua ya siku iliyopita, na ndiyo saa tuliyoichagua kusoma kipimamvua chetu. Ni chupa ya plastiki iliyonyooka, tumeikata shingo tukaigeuza kuwa faneli, chini tumeweka kokoto na maji mpaka kwenye mstari wa sifuri, pembeni tumefunga rula. Iko wazi mbali na miti na paa. Milimita moja kwenye rula ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 kwenye kiwanja chetu cha mpira ni lita ishirini kwa kila hatua ya mraba, ndoo nzima. Watoto walikaa kimya walipoipiga hesabu hiyo kwa kiwanja chote.

Siku moja ya Aprili chupa ilisoma milimita 31. Tulikuja kulinganisha na makadirio ya setelaiti ya CHIRPS, yanayokusanywa tangu 1981 na kugawanywa katika miraba ya karibu kilomita tano kwa tano. Mraba wetu uliandikwa chini ya nusu ya hiyo. "Nani amekosea, mwalimu?" Tukapima mdomo wa chupa: sentimita tisa. Mraba wa setelaiti una kilomita za mraba 25, na ndani yake kuna mitaa ambayo siku ile haikuona hata tone. Tukazipigia simu familia za wanafunzi wa mitaa hiyo kuuliza. Wawili walisema kwao palikuwa pakavu.

Yule mwanafunzi wa swali la mtama alimtumia shangazi yake picha ya chupa na maelezo ya kuitengeneza. Sasa namba za Dodoma zinaingia kwa ujumbe kila asubuhi baada ya saa tatu, zinaandikwa safu ya pili kwenye bango la ukutani, kando ya zetu. Mei yote alituma sifuri. Tuliziandika zote, thelathini na moja.